Klabu ya kabumbu au michezo ya lupangoni? Kumchagulia mtoto wa Lubumbashi mazoezi ya kila siku

Shule zikifunguliwa Septemba, wazazi huniuliza swali moja kuliko wanavyouliza habari za hesabu na dikte: "Mwalimu, nimpeleke mtoto klabu gani?" Wanauliza kwa nia njema. Mtoto amenenepa wakati wa vakansi, au anashinda na simu ya baba yake, au amesikia kwamba binamu zake wa mtaa wa Bel-Air wanajifunza karate. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Katuba na saa ya michezo iko mikononi mwangu, kwa hiyo nimeona niweke njia zilizopo hapa mjini pamoja, mzazi azipime mwenyewe. Niseme mapema ninakoegemea: kama nafasi na fedha haviwezi kutosha vyote, anza na kile kinachoweza kufanyika kila siku bila kocha wala nauli. Klabu iwe nyongeza.

Kwanza kipimo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Na angalau siku 3 kwa juma awe na mambo mazito zaidi yanayoimarisha misuli na mifupa: kukimbia kwa kasi, kuruka, kupanda. Nguvu ya kati utaitambua bila mashine yoyote: mtoto anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Akiwa hawezi hata kumaliza sentensi, hiyo ni nguvu kubwa. Dakika hizo si lazima zifuatane. Ishirini za asubuhi, kumi za mapumziko na thelathini za jioni zinajumlishwa.

Hesabu za mwaka 2016 kutoka nchi nyingi zilionyesha kwamba vijana 81 kati ya 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho. Kwa wavulana walikuwa 78, kwa wasichana 85. Kila nitakapolinganisha njia hapa chini nitauliza pia kama msichana anapata nafasi sawa, maana huko ndiko wengi wanakopotelea.

Klabu

Katika mji huu mtu hawezi kuanza na kingine isipokuwa kabumbu. Klabu zetu mbili kubwa, Mazembe na Lupopo, zote zilizaliwa mwaka 1939, na mtoto wa hapa huchaguliwa upande kabla hajajua kuandika jina lake. Mazembe imechukua kombe la mabingwa wa Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya klabu bingwa ya dunia dhidi ya Inter ya Milano. Mwaka 2024 timu yake ya wanawake ilichukua ubingwa wa Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Moroko 1 kwa 0. Habari hiyo ya mwisho naitumia kila mara baba anaponiambia kwamba mpira ni wa wavulana.

Klabu nzuri inampa mtoto vitu ambavyo lupango, yaani ua wa nyumba, haliwezi kumpa kwa urahisi. Kuna kocha anayejua kufundisha pasi, kuna sheria, kuna kushindwa mbele za watu na kurudi tena Jumamosi inayofuata. Kwa mtoto mwenye haya, jezi pekee inaweza kumpatia marafiki kumi. Hilo silidharau hata kidogo.

Lakini tuhesabu. Klabu nyingi za watoto hufanya mazoezi mara mbili au tatu kwa juma. Siku nyingine zinabaki tupu. Juu ya ada kuna jezi, kuna viatu, kuna taksibasi ya kwenda na kurudi, na kuna mtu mzima anayeacha kazi yake ili kusindikiza. Halafu muda wa mazoezi wote hauwi wa kukimbia. Utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2011, ulipima watoto katika mazoezi ya timu zao, mpira wa miguu ukiwemo. Kwa wastani walishughulika kwa nguvu inayohitajika dakika 45 hivi, ambayo ni chini kidogo ya nusu ya muda waliokaa uwanjani. Waliofikisha dakika 60 ndani ya mazoezi hayo hawakufika hata robo yao.

Ukitaka kujua kwa nini, nenda kaangalie kabla ya kulipa. Simama pembeni ya uwanja na usimwangalie mtoto wako tu, angalia mstari. Watoto ishirini wamejipanga nyuma ya mpira mmoja. Wa mbele anapiga shuti, kipa anaufuata mpira hadi kwenye majani, mtoto anarudi mkiani polepole akivuta soksi. Zamu yake ya pili itafika baada ya dakika nne. Kocha mwenye mipira mitatu na makundi matatu madogo, hata kama uwanja wake hauna nyavu, anawapa watoto kazi kubwa zaidi kuliko huyu mwenye koni za rangi na mpira mmoja. Muulize pia wasiochaguliwa kwenye mechi wanafanya nini. Akijibu kwamba wanakaa benchi wanajifunza kwa macho, tafuta kwingine.

Karate na judo zina faida moja kubwa: hufanyika ndani. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua za mchana hufuta mazoezi mengi ya uwanjani, na ukumbi unaokoa siku hizo. Wasichana pia huingia bila kubishaniwa sana. Hesabu ya siku kwa juma na ya nauli inabaki ileile.

Lupango na barabara ndogo

Sasa tazama upande wa pili. Kamba moja ya katani, au lastiki iliyoungwa kutoka vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, inatosha watoto sita mpaka iishe. Wavulana wana mpira wao wa mifuko iliyofungwa kwa nyuzi. Haudundi sana, kwa hiyo hauvunji vioo na haukimbilii barabarani.

Mchezo ninaoupigia debe kuliko yote kwa wasichana ni nzango. Umekua kutoka viwanja vya shule vya Kongo zote mbili hadi kufika kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015, ambako ulichezwa kama mchezo wa maonyesho. Mistari miwili inatazamana. Kutoka kila mstari anatoka mmoja. Wanaruka, wanapiga makofi, wanaruka tena, na makofi ya mwisho yanapolia kila mmoja anatupa mguu mbele. Upande mmoja unahesabu alama miguu ikifanana, mwingine ikipishana. Aliyeshinda anaendelea na wa pili, wa tatu, wa nne. Wanaoimba ni wale wanaosubiri zamu, maana anayeruka hana pumzi ya kuimba: hapo unakiona kile kipimo cha nguvu kikifanya kazi mbele ya macho yako. Na kuruka huko, mguu ukigonga ardhi na kupaa tena, ndiko mifupa inakokuhitaji, hasa katika miaka ya kubalehe ambapo mwili unajenga sehemu kubwa ya mifupa utakayoitumia maisha yote.

Kwa gharama, lupango linaishinda klabu mbali sana. Kwa wingi wa siku pia. Kwa ufundi, klabu inashinda. Kwa wasichana, lupango linashinda ikiwa nyumba inakubali, na hapa lazima niseme bila kuzunguka: mara nyingi nyumba haikubali. Saa kumi jioni mvulana anatoka na mpira wake, dada yake anaitwa kupepeta unga na kuwasha makala (makaa). Mama mmoja aliniambia mlangoni pa darasa:

"Mwalimu, huyu wangu anachota maji kila siku. Hayo si mazoezi?"

"Ni mazoezi, mama. Mwili unafanya kazi kweli. Ila bidoni, hilo dumu analobeba, ni la lita ngapi?"

"Ile ya ishirini."

Lita ishirini za maji ni kilo ishirini. Mtoto wa miaka tisa ana uzito wa kilo ishirini na nane hivi. Tulikubaliana abebe bidoni ya lita tano na kaka yake naye achote, ili kazi ya nusu saa iwe ya wawili na jioni ibaki na muda wa kamba. Kazi za nyumbani zinamfundisha mtoto, sizikatai. Lakini mzigo wa kichwani hauwezi kuhesabiwa kuwa mchezo, na msichana hastahili kumaliza utoto wake akiwa amejua mmoja tu kati ya hivyo viwili.

Lupango lina mapungufu mengine. Viwanja vinagawanywa, wapangaji ni wengi, mwenye nyumba hataki kelele. Giza nalo linaingia mapema: mwezi wa Juni jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, Desemba linachelewa dakika arobaini hivi zaidi. Kwa hiyo katika miezi ya baridi watoto wacheze kwanza, dikte na hesabu zifuate taa ikiwaka. Familia tatu au nne za avenyu moja zikipeana zamu ya mtu mzima mmoja wa kukaa nje na kiti chake, watoto wote wanapata saa moja, na hakuna mzazi anayefungwa kila siku.

Njia ya shule

Hii ndiyo wazazi wanaisahau zaidi, kwa sababu haionekani kama michezo. Lubumbashi ni tambarare. Hatuna milima ya Bukavu. Shule ikiwa kilomita moja na nusu kutoka nyumbani, mtoto anayetembea kwa kuchangamka anatumia dakika ishirini hadi ishirini na tano. Kwenda na kurudi ni dakika arobaini na kitu, siku zote za shule, bila franga hata moja. Hapo zimebaki dakika chache tu za kamba kufikisha sitini. Mtoto huyohuyo akipandishwa pikipiki, watatu nyuma ya dereva bila kofia, anazipoteza zote na usalama haongezewi.

Kutembea kwa kujivuta, kusimama kila kibanda, hakuhesabiki. Nimeona dawa yake ikiwa kundi: watoto wa avenyu moja wanaondoka pamoja, kaka au dada mkubwa mbele, wadogo katikati. Kundi linakwenda kwa mwendo wake na madereva wanaliona. Barabara kubwa yenye malori ya madini mtoto wa chini ya miaka kumi asiivuke peke yake, hata kama anasema anaweza. Akili yake bado haipimi vizuri mwendo wa gari linalokuja. Kama njia haina namna nyingine ila kuivuka, mtu mzima awavushe pale, kisha awaache waendelee.

Wanaokaa mbali, kwa mfano kule Annexe, pembezoni mwa mji, shule ikiwa mjini, wanaweza kushuka taksibasi vituo viwili kabla. Baiskeli nisiisahau: ndani ya kartie (mtaani), jioni, ni nzuri sana, kwenye barabara kuu, hapana.

Mahali pa kuchezea: jambo la mji huu

Hapa Lubumbashi ukilinganisha michezo bila kulinganisha udongo umefanya nusu ya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo vya watu wa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti na metali nyingine kwa wingi mkubwa, na watoto walizidi watu wazima. Vumbi ni mojawapo ya njia zinazoingiza metali hizo mwilini. Mtoto anachezea chini, anapeleka mikono mdomoni, na akikimbia anavuta hewa nyingi.

Kwa hiyo, kati ya uwanja mkubwa wa vumbi kando ya barabara ya malori na kiwanja kidogo chenye majani nyuma ya parokia, chukua hicho kidogo. Ikibidi uwanja uwe wa udongo, wanyunyize maji kabla ya kuanza kama maji yapo, wacheze mbali na barabara, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bukari (ugali). Asile chochote akiwa uwanjani. Haya hayamaanishi kumfungia mtoto ndani, kwani kukaa tu nako kuna madhara yake.

Parokia nazo ni mahali pa kutazamwa. Wasalesiani wa Don Bosco walifika hapa mwaka 1911, mji ungali unaitwa Élisabethville, na desturi yao ya kuwakusanya vijana kwa mpira, muziki na sala imebaki katika nyumba zao hadi leo. Vikundi vya watoto Wakatoliki vya Kizito-Anuarite katika parokia nyingine pia huwachezesha watoto. Kwa vakansi ya Julai na Agosti, mtoto anapokosa hata ile njia ya shule, hapo ndipo pa kuuliza kwanza.

Kwa wakuu wa shule

Shuleni kwenyewe uchaguzi ni kati ya saa moja ya michezo kwa juma, kama ratiba inavyosema, na dakika chache za kila siku. Tangu masomo ya msingi yawe bure mwaka 2019, madarasa yamejaa; shule nyingi zina zamu ya asubuhi na ya mchana, na kiwanja kimoja kinagombaniwa. Saa ile moja hupotea kirahisi: mvua, mtihani, mkutano wa wazazi.

Mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie, wa shule ya msingi ya St Ninians huko Stirling, Uskoti, alianza kuwatoa wanafunzi nje dakika 15 kila siku wakimbie au watembee kwa mwendo wao, na nguo zao za shule, bila vifaa. Wazo limeenea nchi nyingi. Linatufaa kuliko mengi yanayotoka nje, kwa kuwa halidai kitu ambacho hatuna. Darasa la watoto sitini likizunguka kiwanja mara kadhaa halihitaji mpira hata mmoja, hakuna anayesubiri kwenye mstari, na mshindi hatafutwi. Nalifanya kabla ya somo la tatu, darasa likianza kusinzia. Katika joto la Oktoba nalisogeza mapema na kila mtoto anakunywa maji kwanza. Radi ikisikika, wote ndani mara moja.

Nionavyo mimi, dakika hizo kumi na tano kila siku zinazidi ile saa moja ya juma. Lakini saa ile isifutwe. Humo ndimo mtoto anajifunza kurusha, kudaka, na kucheza na wengine kwa haki.

Basi, wa kwako ni yupi?

Mtoto wa miaka sita hadi minane hana haja ya klabu. Mwache akimbie, apande, ajifichane na wenzake, na ada hiyo mnunulie viatu vinavyomtosha kutembea.

Mvulana wa miaka kumi mwenye kipaji na hamu ya mpira, mpeleke klabu, siku zile mbili au tatu, na siku nyingine atembee na acheze mtaani kama kawaida. Wengi wa wachezaji wakubwa walianza na mpira wa mifuko.

Msichana wa miaka kumi na moja hadi kumi na minne, usingoje aombe. Katika umri huu wengi huacha: mwili unabadilika, wanaona haya, hawana nguo ya kuwasitiri vizuri wanaporuka, na kazi za nyumbani zinaongezeka. Mpe kaptura ndefu ya kuvaa chini ya sketi, mpe saa yake ya jioni isiyoguswa, na kama kuna timu ya nzango au ya mpira ya wasichana karibu, lipa ada yake kabla ya kulipa ya kaka yake. Kaka atacheza hata bila kulipiwa.

Mtoto mnene usimwanzishie mashindano. Kutembea na kundi, kamba kwa vipindi vifupi, kucheza muziki na ndugu zake. Na asitajiwe uzito wake mbele ya wageni.

Mtoto mwenye SS, yaani mwenye drepanositosi (ugonjwa wa selimundu), naye anahitaji mwili wake usogee, ila daktari wake aseme kiasi gani. Anywe maji mara kwa mara, apumzike kabla hajachoka kabisa, akwepe baridi ya asubuhi za Juni na Julai, na asishindanishwe kukimbia. Katika nzango anaweza kuongoza makofi na kuruka zamu chache. Ongea na mwalimu wake kabla ya saa ya kwanza ya michezo, ana kwa ana, umwandikie pia kwenye karatasi na namba yako ya simu, ili siku mtoto atakaposema mguu unamuuma mwalimu asidhani ni uvivu, akupigie papo hapo.